Kipindi Kimoja, Mwanzo Hadi Mwisho: Mwongozo Kamili kwa Walimu na Walimu Watarajiwa

Mwalimu anapoketi jioni kuandaa kipindi cha kesho, swali linalomjia kwanza huwa ni "nitafundisha nini?" Kutokana na swali hilo, andalio la somo hujaa mambo atakayoyasema na kuyaandika ubaoni yeye mwenyewe, na safu ya kazi za wanafunzi hujazwa kwa maneno yale yale ya kila siku: kusikiliza, kujibu maswali, kuandika muhtasari. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, yaani kwa mwanafunzi na kile atakachoweza kukifanya kengele itakapolia. Unachukua kipindi kimoja tu, cha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti (asili ni namba ya chini ya sehemu), na kukifuata tangu kinapoandaliwa hadi madaftari yanaporudishwa, kwa sababu mbinu za kufundisha zikielezwa bila somo lenyewe huonekana nyepesi zinaposomwa na kumpotea mwalimu anaposimama mbele ya darasa. Anayefundisha historia, sayansi au lugha atabadili mfano na kubakiza utaratibu.

Hatua ya kwanza: Andika swali la mwisho kabla ya jambo jingine lolote

Kabla ya kufungua kitabu cha kiada, andika swali moja au mawili ambayo kila mwanafunzi atayajibu peke yake katika dakika 5 za mwisho za kipindi. Kwa somo letu, swali linaweza kuwa hili: Msomaji alisoma 1/2 ya kitabu siku ya kwanza na 1/3 ya kitabu hicho siku ya pili, je, amesoma sehemu gani ya kitabu chote? Lijibu wewe mwenyewe kwa maandishi, hatua kwa hatua, kama unavyotaka mwanafunzi alijibu. Mwalimu anayeruka kazi hii kwa kuwa jibu analijua hugundua ubaoni, mbele ya macho ya darasa zima, kwamba mfano aliouchagua una ugumu ambao hakuutarajia.

Baada ya jibu sahihi, 5/6, andika majibu yasiyo sahihi unayoyatarajia pamoja na fikra iliyo nyuma ya kila moja. Mwanafunzi atakayeandika 2/5 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Atakayeandika 2/6 amekumbuka kutafuta asili ya shirika, lakini ameacha viasi kama vilivyokuwa. Atakayeandika 1/6 amezidisha, pengine kwa sababu kuzidisha sehemu ndiko kulikomkaa kichwani tangu somo lililopita. Hao watatu wote wamekosa, lakini hawahitaji maelezo yanayofanana, na mwalimu anayewarudishia wote alama ya X bila neno jingine hajamfundisha hata mmoja wao. Orodha hii fupi ya makosa ndiyo sehemu ya andalio ninayoithamini kuliko nyingine zote, ingawa fomu nyingi za andalio la somo hazina hata mstari wa kuiandikia.

Lengo mahsusi liandikwe baada ya swali hilo, nalo litumie kitenzi kinachoonekana kwa macho. "Kuelewa sehemu" hakuonekani. "Kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti na kueleza kwa nini asili lazima zilinganishwe" kunaonekana. Ngazi za malengo zilizotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, kisha zikarekebishwa mwaka 2001, zina msaada hapa, maana humpa mwalimu vitenzi vya kuchagua na kumkumbusha kwamba kukumbuka kanuni ni ngazi moja na kuitumia ni nyingine. Zisichukuliwe kuwa ngazi ambazo lazima zipandwe zote katika kipindi kimoja.

Hatua ya pili: Pima maarifa ya awali, na uwe tayari kubadili mpango

Mwaka 1968 mwanasaikolojia David Ausubel alisisitiza kwamba jambo lenye uzito kuliko yote katika kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua. Katika somo letu, asiyejua kwamba 1/2 ni sawa na 3/6 hataweza kuendelea, hata afafanuliwe kwa ufasaha namna gani. Dakika 5 za mwanzo zinatosha: andika ubaoni "Taja sehemu mbili zilizo sawa na 1/2" kabla wanafunzi hawajaingia, wajibu kimya kimya wanapoketi, nawe upite kati ya madawati ukitazama. Ikiwa thuluthi ya darasa imekwama, kipindi cha leo ni cha sehemu zilizo sawa, na kujumlisha kutasubiri kesho. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, litachelewa kwa siku moja, jambo lenye gharama ndogo kuliko kujenga juu ya msingi usiokuwapo.

Hatua ya tatu: Chagua zana moja inayobeba wazo lenyewe

Zana nzuri ni ile ambayo ukiiondoa, wazo la somo hudhoofika. Kwa somo hili, kila mwanafunzi apewe ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimeta 12. Urefu huo si wa kubahatisha: 12 hugawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila baki, hivyo mikunjo yote huangukia kwenye sentimeta kamili. Mwanafunzi anaukunja katika sehemu tatu sawa, kisha anaukunja katikati, na anapoufungua anaona vyumba 6. Nusu ya ukanda ni vyumba 3, theluthi yake ni vyumba 2, na jumla ni vyumba 5 kati ya 6. Kabla neno "kigawe kidogo cha shirika" (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili bila baki) halijatajwa, mwanafunzi amekwisha kushika mkononi sababu ya kulitafuta.

Ukanda huo huo humjibu aliyeandika 2/5. Mwambie alinganishe: 2/5 ya ukanda ni pungufu ya sentimeta 5, ilhali nusu peke yake ni sentimeta 6. Amejumlisha kitu juu ya nusu akapata kilicho kidogo kuliko nusu. Hakuna haja ya kumwambia kwamba amekosea. Atanyamaza kidogo, kisha atasema mwenyewe.

Palipo na kompyuta, vishikwambi au projekta, zipo rasilimali za bure zilizokwisha kuthibitika. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, una maigizo ya kompyuta ya sayansi na hisabati ambamo mwanafunzi hubadili kipimo kimoja na kuona kinachotokea; maigizo hayo yanafaa hasa kwa mambo yasiyoonekana kwa macho, kama mwendo wa molekuli au mkondo wa umeme. GeoGebra ni programu ya jiometri, aljebra na grafu. Khan Academy ina video fupi na mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Mahali ambapo intaneti haipatikani au ni ya kubabaisha, programu ya Kolibri iliundwa kwa hali hiyo: masomo hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, kisha vifaa vingine vya darasani huyasoma kupitia mtandao wa ndani bila intaneti.

Kabla ya kunakili au kubadili kazi ya mtu mwingine, soma leseni yake. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, hutumia herufi chache zinazostahili kukaririwa: BY maana yake umtaje mwandishi, NC maana yake usiitumie kibiashara, ND maana yake usisambaze nakala uliyoibadilisha, SA maana yake ukiibadilisha na kuisambaza, toleo lako libaki chini ya leseni hiyo hiyo. Mwalimu anayetaka kutafsiri hadithi kwa ajili ya darasa lake na kuwagawia wenzake atafute kazi isiyo na ND, kwa kuwa tafsiri huhesabiwa kuwa badiliko.

Neno moja la pembeni. Walimu watarajiwa wengi hufundishwa kwamba kuna wanafunzi wa kusikia, wa kuona na wa kutenda, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliuchambua ushahidi uliokuwapo wa kupanga ufundishaji kwa mitindo hiyo na hawakuona unaotosha kuihalalisha. Zana ichaguliwe kwa kuangalia mada: ramani huonwa, matamshi husikilizwa, sehemu hukunjwa na kukatwa, na hivyo kwa wanafunzi wote.

Hatua ya nne: Onyesha mfano mzima, kisha punguza msaada

Utafiti wa John Sweller kuhusu mzigo wa akili, ulioshika kasi katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba mtu anayeanza kujifunza mada hufaidika zaidi kwa kuchunguza mifano iliyokwisha kukokotolewa kuliko kwa kuachiwa matatizo ayatatue peke yake, kwa sababu nafasi ya kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu na hujazwa upesi na kutafuta njia. Darasani jambo hili hutendeka kwa mifano mitatu inayofuatana. Wa kwanza mwalimu anaufanya wote ubaoni huku akitamka anachokifikiri: "Naona asili ni 2 na 3. Siwezi kuhesabu pamoja vipande visivyolingana. Natafuta ukubwa wa kipande unaoingia katika zote mbili." Wa pili anaanzisha yeye na kuacha hatua ya mwisho ikamilishwe na darasa. Wa tatu anaandika hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo ndipo zoezi la mtu mmoja mmoja linapoanza.

Andika ubaoni kwa mpangilio na usifute mfano wa kwanza mpaka zoezi liishe. Ni jambo dogo, lakini mwanafunzi aliyekwama katika swali la tatu hutafuta ubao kwanza kabla ya kuthubutu kuinua mkono.

Hatua ya tano: Uliza kwa namna inayomlazimu kila mmoja kufikiri

Hapa ndipo vipindi vingi huponyoka. Kwa muda mrefu nilimaliza maelezo yangu kwa kuuliza "Mmeelewa?" na darasa likaitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa, nikaridhika, nikaendelea, na siku ya jaribio nikashangaa. Itikio lile lilikuwa adabu tu. Anayeelewa huitikia, asiyeelewa huitikia kwa sauti kubwa zaidi ili asijulikane, na mwalimu hubaki na habari ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kuuliza.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni muda. Mary Budd Rowe, aliyechunguza mazungumzo ya darasani katika masomo ya sayansi kuanzia miaka ya 1960, aliona kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali kabla ya kutaja mtu, kulijibu wenyewe au kuuliza jingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wasiojibu kabisa walipungua, na wengi zaidi wakajibu bila kuitwa. Sekunde 3 huonekana ndefu mno kwa aliyesimama mbele. Zihesabu kimoyomoyo, ukitazama darasa zima.

La pili ni mpangilio wa jina na swali. Ukisema jina kwanza, wengine wote wamepewa likizo. Uliza swali, subiri, kisha taja jina, na majina yasitokane na mikono iliyoinuliwa tu, kwa kuwa mikono hiyo ni ya wale wale wanane wa kila siku. Aliyesema "sijui" asiachwe hapo: muulize mwenzake, kisha urudi kwake umwombe alieleze jibu hilo kwa maneno yake. Wakishazoea kwamba utarudi, "sijui" hupungua.

La tatu ni kuona majibu ya wote kwa pamoja. Karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, pamoja na kalamu inayofutika, ni kibao kidogo kinachotosha. Wanafunzi huandika, na kwa ishara moja wote huinua. Kama hata hicho hakipo, tumia vidole vilivyowekwa kifuani ili jirani asiige: kidole 1 kwa A, 2 kwa B, na kuendelea. Hapa orodha ya makosa ya hatua ya kwanza hurudi na faida yake. Andika "1/2 + 1/3 ni: A) 2/5, B) 2/6, C) 1/6, D) 5/6" na kwa kutazama mara moja utajua siyo tu wangapi wamekosa, bali wamekosa wapi. Vidole viwili vikitawala, rudi kwenye ukanda na kuonyesha jinsi 1/2 inavyogeuka 3/6. Kidole kimoja kikitawala, tatizo liko chini zaidi.

Majibu yakigawanyika nusu kwa nusu, usitoe jibu. Waambie kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika 2, kisha wapige kura upya. Njia ya kufikiri peke yako, kujadili wawili wawili, kisha kushirikisha darasa ilielezwa na Frank Lyman mwaka 1981, nayo haigharimu chochote isipokuwa nidhamu ya mwalimu kukaa kimya. Hatua ya kufikiri peke yao isirukwe, maana bila hiyo mwenye sauti kubwa huamua na mwenzake huafiki.

Kuhusu utulivu, sina mengi. Darasa hutulia zaidi kwa utaratibu uliozoeleka kuliko kwa makemeo: namna moja ya kuingia, namna moja ya kugawa madaftari, ishara moja ya kunyamaza ambayo mwalimu haendelei kuzungumza mpaka imetiiwa. Fundisha taratibu hizi katika wiki ya kwanza kwa mazoezi halisi, kama unavyofundisha mada.

Hatua ya sita: Karatasi ya kutokea

Swali la mwisho uliloliandika kabla ya yote sasa linaulizwa. Kila mwanafunzi anajibu kwenye kipande cha karatasi na kukukabidhi mlangoni. Usisahihishe vipande hivyo kwa alama. Vipange mafungu matatu mezani: waliopata na kueleza, waliopata kwa kanuni bila maelezo au kukosea hesabu ndogo, na waliopotea. Kwa darasa la wanafunzi 60, kazi hii haizidi robo saa, ilhali kusahihisha madaftari 60 kwa dakika 2 kila moja ni saa 2 kamili. Ukubwa wa mafungu ndio unaoamua kesho ianze vipi: fungu la tatu likiwa la wanafunzi watano, watano hao utawaita mezani wakati wengine wakifanya zoezi, likiwa la nusu ya darasa, somo linarudiwa kwa mfano tofauti.

Hatua ya saba: Sahihisha ili mwanafunzi afanye kazi tena

Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Wanafunzi wengine walirudishiwa kazi zao zikiwa na alama tu, wengine maoni tu, na wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio walioonyesha maendeleo katika kazi zilizofuata. Alama ilipoambatana na maoni, faida ya maoni ilipotea. Aliyewahi kurudisha madaftari hatashangaa: mwanafunzi hutafuta namba, huchungulia ya jirani, na kufunga daftari.

Mifumo ya shule hudai alama, na mwalimu hawezi kuikwepa kila mara. Anachoweza ni kurudisha kazi kwanza na maoni, kuwapa wanafunzi dakika 10 darasani za kuyafanyia kazi, kisha kutoa alama siku nyingine. Maoni yenyewe yawe kazi ya kufanya. "Jitahidi zaidi" si maoni. Anayeyasoma hajui afanye nini mkono wake ukishika kalamu. "Umebadili asili kuwa 6. Chora ukanda wa vyumba 6, utie rangi 1/2, uhesabu vyumba vilivyotiwa rangi, kisha urekebishe swali la 3" ni maoni. Ili usiandike sentensi hiyo mara 20, ziandike ubaoni aina tatu za maoni kwa herufi K, L na M, na katika daftari uandike herufi peke yake. Mwanafunzi atanakili maoni yanayomhusu na kuyatekeleza.

Hatua ya nane: Rudisha ya zamani kabla hayajafutika

Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hukinza kusahau. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliongeza jambo jingine: wanafunzi waliosoma kifungu mara ya pili walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi walikuwa wale waliojipima kwa kukiandika kutoka kichwani. Ndiyo maana mwanafunzi aliyesoma muhtasari wake usiku wa mtihani hujiamini kupita kiasi.

Fanya hivi: maswali manne ya kuanzia kipindi yawe moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na moja linaloandaa somo la leo. Yasitolewe alama. Wanafunzi wajibu bila kufungua daftari, kisha wafungue wajisahihishe. Kama swali la sehemu litarudi baada ya siku moja, baada ya wiki na baada ya mwezi, hutahitaji kuifundisha mada upya muhula ujao.

Kwa mwalimu mtarajiwa: jinsi ya kutazama na kutazamwa

Katika mazoezi ya kufundisha, wengi huketi nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu na kuandika anachokifanya mwalimu. Tazama wanafunzi watatu badala yake: mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa pembezoni. Kila baada ya dakika 5 andika kila mmoja wao anafanya nini kwa wakati huo. Mwisho wa kipindi utakuwa na picha ya somo lilivyopokelewa, na swali la kumuuliza mwenyeji wako litakuwa mahsusi: "Mwalimu, ulijuaje kwamba yule wa dirishani alikuwa amekwama?"

Nchini Japani walimu wana desturi ya zaidi ya karne moja ya kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha, na wengine wakaingia kutazama wanafunzi. Kisha wakaketi kulijadili na kulirekebisha. Kinachojadiliwa ni somo, si mwalimu, na tofauti hiyo humfanya mtu akubali kuingiliwa darasani. Walimu wawili wa somo moja wanaweza kuanza bila kibali cha mtu yeyote: kila mmoja amwalike mwenzake kwa dakika 15 kwa wiki, akimpa swali moja tu la kuchunguza, kwa mfano "Hesabu sekunde ninazosubiri baada ya kila swali" au "Andika majina ya niliowaita." Mgeni arudishe hesabu hiyo bila sifa wala lawama.

Weka pia daftari moja la andalio lenye ukurasa wa kulia mtupu. Siku ile ile ya kipindi, kabla ya kuondoka shuleni, andika hapo mistari mitatu: kosa lililojitokeza ambalo hukulitarajia, swali lililowafungua wanafunzi, na dakika zilizopotea na zilipopotelea. Mwaka unaofuata, utakapofika tena kwenye kujumlisha sehemu, orodha ya makosa ya hatua ya kwanza itakuwa tayari imeandikwa kwa mkono wako, pamoja na lile la mwanafunzi aliyeukunja ukanda wake mara nne na kusisitiza kwamba theluthi ni vyumba 4.